Nyasi za msituni?! Yule mwendesha mchezo ametuharibia mji mzuri mchana kweupe

Mleta uzi
Wakuu, hasira imefika utosini. Ninayemsema mnamjua, yule mwendesha mchezo wa mezani wa kubuni miji na himaya, mwenye ramani za rangi saba. Ametuletea mji mpya: uko ndani kabisa ya msitu wa mvua, una baraza lake na sheria zake, ila kwa jina uko chini ya himaya iliyo ng'ambo ya bahari, safari ya miezi mitatu. Hadi hapo safi kabisa. Mji ukachelewesha kodi. Himaya ikashusha pwani wapanda farasi elfu kumi, wakakatiza msitu kwa siku tatu. Akaulizwa kwa adabu: farasi hao wanakula nini njiani? Akajibu kwa mkato, "Nyasi za msituni," kisha akarusha kete.

Nyasi za msituni! Ndani ya msitu mnene mwanga unaogusa ardhi ni kama asilimia 2 tu ya ule unaopiga vilele vya miti. Nyasi ziote kwa mwanga gani? Chini kuna majani yanayooza, mizizi na kuvu. Farasi mmoja anataka karibu kilo 10 za chakula na lita 30 za maji kwa siku. Wa elfu kumi ni tani 100 kila siku, na hapo mpanda farasi hajatia kitu mdomoni. Tope linaozesha kwato, tandiko linaota ukungu. Jeshi hilo lingekwisha kabla ya kuona paa moja la mji. Nyasi!

Na ndiyo maana mji wa namna hii hujitawala nusu. Himaya haiuachii kwa huruma. Homa huua askari wageni kuliko mikuki: jeshi la Ufaransa lililofika Saint-Domingue (Haiti ya leo) mwaka 1802 lilimalizwa zaidi na homa ya manjano, jemadari Leclerc akiwemo. Himaya yenye akili huridhika na ishara. Dola za Kimalei kama Kedah zilipeleka Siam (Thailand ya leo) miti ya dhahabu na fedha kila miaka mitatu, na katikati ya hapo ziliendesha mambo yao. Maofisa wa Hispania kule Amerika walikuwa na kauli yao kwa amri ya mfalme isiyowezekana: natii, ila sitekelezi. Siasa tamu namna hiyo ya kuchezea mezani, mtu anatupa nyasi!

Mpiga Kasia
Mkuu, umefura kama chura kwa ajili ya majani. Kosa lake kubwa ni kusahau mto. Msituni barabara ni mto. Shehena inapanda kwa mtumbwi hadi kwenye maporomoko, inashushwa, inabebwa kichwani mpaka juu, inapakiwa upya. Anayeshika maporomoko ameushika mji, kwa hiyo ngome, ghala na ushuru viwe hapo. Himaya ikitaka kuubana mji haihitaji farasi hata mmoja. Inazuia chumvi na chuma mlangoni mwa mto, basi.

Mleta uzi
Mto nakubali. Lakini NYASI, mkuu. Za MSITUNI.

Tope Jekundu
Afadhali hizo nyasi. Kuna mwingine kauzungushia mji mashamba ya ngano! Kwenye mvua ya milimita 2,500 kwa mwaka ngano inapata ugonjwa wa kutu ya majani, na masuke yanaoza kabla ya mavuno. Weka mihogo, viazi vikuu, ndizi, mahindi. Tena rutuba ya udongo huo huoshwa na mvua. Ukifyeka na kuchoma, majivu yanakupa mavuno ya miaka miwili au mitatu, kisha shamba lipumzike miaka kumi na zaidi. Huwezi kulisha watu elfu hamsini hivyo ndani ya ukuta mmoja. Angkor, mji mkuu wa kale kule Kambodia, ilitapakaa kwenye kilomita za mraba 1,000 hivi, nyumba, mabwawa na mpunga vikichanganyika. Bwawa lake la magharibi peke yake lina urefu wa kilomita 8. Ukitaka watu wabanane, utengeneze udongo mweusi kama wa Amazon: mkaa, mifupa, vigae na taka za jikoni, kizazi baada ya kizazi.

Bundi wa Ramani
Mleta uzi, kanywe maji kwanza. Mimi wanaonichefua ni wanaoweka maktaba ya karatasi za miaka elfu kwenye unyevu ule. Mchwa na ukungu havibakishi kitu. Hata miswada ya majani ya mtende, inayopakwa mafuta, lazima inakiliwe upya kila baada ya muda. Maana yake hati ya mji kujitawala ni nakala ya nakala, na himaya ina yake kavu huko kwao. Zikitofautiana mstari mmoja, una ugomvi wa vikao kumi bila jeshi lolote.

Kuni Mbichi
Na kuta je? Kila mtu anachora mahekalu meupe, hakuna anayeuliza chokaa inatoka wapi. Unapanga magogo kwa duara, unaacha tundu katikati, unarundika juu mawe ya chokaa yaliyovunjwavunjwa, unatia moto kupitia tundu. Joto lifike nyuzi 900 hivi, likae. Rundo likiporomoka upande au mvua ikilipiga mapema, mawe yanabaki mabichi ndani na kuni zote zimepotea. Hekalu moja kubwa linakula msitu wa kando ya mji.

Tope Jekundu
Si lazima chokaa. Kata lateraiti, ule udongo mwekundu wenye chuma: ni laini ikichimbwa, inakuwa ngumu ikikaa hewani.

Mleta uzi
Jamani, turudi kwa farasi...

Kuni Mbichi
Lateraiti ni ya misingi na kuta za nje, ina matundu, haichongeki sura. Nakshi za Angkor ziko kwenye jiwe la mchanga lililotoka milima ya Phnom Kulen. Plasta bado inataka chokaa.

Mpiga Kasia
Mji usio na mawe ya chokaa uchome magamba ya konokono wa mtoni, chokaa inatoka vilevile. Ila isisafirishwe kwenye mtumbwi unaovuja. Chokaa isiyozimwa, yaani iliyochomwa ila haijatiwa maji, ikilowa inachemka, na inaweza kuunguza mtumbwi na shehena yake.