Bondi ya mhadhiri: inambakiza au inamchelewesha tu?

Wakuu, kuna hoja inavuma: mhadhiri aliyesomeshwa nje kwa fedha za umma, akiacha kazi kabla miaka ya bondi (mkataba wa kurudi kukitumikia chuo kwa muda fulani) haijaisha, adaiwe mpaka senti ya mwisho na wadhamini wake wabanwe. Fedha ya umma ina mwenyewe, hilo sibishi. Ninachokataa ni kwamba bondi ndiyo dawa.

Nafundisha chuo kimoja hapa Dar, jina nalihifadhi. Mwenzangu alirudi na PhD, vyeti akavipeleka utumishi wiki hiyo hiyo. Mwaka wa pili ukakatika, hati ya mshahara bado inamwita Mhadhiri Msaidizi, cheo cha kabla ya PhD. Meza tulikuwa tunatumia watatu kwa zamu. Siku moja nilimkuta amepiga magoti sakafuni, skripti za wanafunzi zaidi ya mia tatu zimetandazwa mbele yake, anasahihisha. Kiti alikuwa amempisha kijana wa uzamili aliyeleta sura ya tatu ya tasnifu. Bondi yake ilipokwisha, hakuongeza hata wiki. Bondi ilifanya kazi yake yote, na bado tulimkosa.

Tukumbuke hawa wanatoka wapi. Kuanza kufundisha chuo kikuu kwa shahada ya kwanza, GPA, yaani wastani wa alama, isipungue 3.8. Ni vijana wanaotakiwa kila mahali, hata serikalini. Mwaka 2017 Profesa Kabudi alitoka Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akawa Waziri wa Katiba na Sheria, na Profesa Kitila Mkumbo naye wa Mlimani akawa Katibu Mkuu wa Wizara ya Maji. Nchi iliwahitaji, sina neno. Lakini mtu akiondoka, wanafunzi wake wa uzamivu wanabaki nusu njia, na pengo hilo halizibwi kwa tangazo la ajira.

Mshahara una uzito wake, hasa ukipanga Dar na una watoto shule. Ila mwenzangu hakuwahi kulalamikia mshahara mbele yangu. Alikuwa anauliza barua ya cheo.

Basi pendekezo langu: bondi ifunge pande zote mbili. Mtu akiripoti na PhD, chuo kiwe na siku 90 za kumbadilishia cheo na kumpa meza ya kuketi na mwanafunzi wake. Zikipita bila barua, bondi ife. Wanaotaka wadhamini wabanwe, naomba jibu: chuo kisipotimiza upande wake, nani anakibana?