Ulinganisho: dumu la lita 20, mashine ya kuchuja au chupa za kioo? Nani kashajaribu?

Ukuti_Mkavu:
Assalaam aleykum wanajukwaa. Mie na shemeji yangu tunaendesha gesti ndogo hapa Jambiani, Unguja. Kabla wageni wa mwezi wa saba hawajaanza kumiminika tunataka kuachana na chupa za plastiki za maji ya kunywa. Kila asubuhi dada wa usafi anatoka vyumbani na kiroba kizima, na jalalani kusi likivuma nusu yake zinarudi ufukweni. Wageni wanazipiga picha, halafu wanakuja kutuandika mtandaoni.
Tumebaki na njia tatu:
1. Madumu ya lita 20 na dispensa pale mapokezi
2. Mashine ya kuchuja maji, kuna fundi wa mjini katuletea bei
3. Chupa za kioo vyumbani
Ipi bora? Tunataka kuamua wiki hii.

fundi_simtank:
Waaleykum salaam. Vyumba vingapi? Maji yako ya bomba, ya ZAWA (mamlaka ya maji Zanzibar), au ya kisima? Kama kisima, kiko umbali gani na bahari? Umeme unakatika mara ngapi? Umeuliza bei ya ndoo bila kusema unatekea nini.
Halafu namba 3 si njia, ni chombo. Ndani ya hiyo chupa ya kioo utatia maji gani?

WatamuKwetu:
Mimi niko Watamu, Kenya. Sisi hatukuwa na hiari, tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja ni marufuku ndani ya hifadhi zote, na hifadhi yetu ya bahari imo. Mgeni haruhusiwi kuingia na chupa ya maji ya plastiki. Wengi hapa waliishia kwa madumu na chupa za kioo. Nenda madumu, usijisumbue na mashine.

Mzee wa Machame:
Mashine ndiyo mpango mzima. Huku Moshi tunayo, chujio la mchanga, la mkaa, kisha taa ya UV. Wazungu wanajaza chupa zao kabla ya kupanda mlima, hakuna aliyelalamika tumbo.

fundi_simtank:
Mzee, maji ya Moshi yanashuka mlimani, yeye yuko juu ya jiwe la matumbawe. UV inaua vijidudu, lakini chumvi inabaki pale pale, na mkaa nao hauitoi. Ndiyo maana nauliza kisima.

Binti Makunduchi:
Ukuti, kabla hujampa huyo fundi hata shilingi, nisikilize mie.
Nilikuwa nasimamia gesti huko kaskazini, siitaji. Mwenye mali akauziwa mashine ya RO, ile ya utando unaochuja chumvi, na muuzaji wa mjini mwenye maneno matamu. Hakuna aliyepima maji. Kisima chetu kilikuwa hatua chache tu kutoka pwani, bahari ikijaa chai inanywewa na chumvi yake. Mashine yenyewe ilikuwa ya jikoni, ya kufungwa chini ya sinki. Kwa maji kama yale unahitaji pampu yenye presha kubwa, lakini wao walifunga, wakapiga picha, wakaondoka.
Mwanzo maji yakatoka matamu, tukafurahi. Baadaye yakawa yanatiririka kama machozi ya mbuzi, jagi moja linachukua asubuhi nzima. Utando umeziba. Kumpigia muuzaji, anasema kipuri kinatoka Dar, kesho, keshokutwa. Na hakuna aliyetwambia kwamba RO inatupa maji mengi kuliko inayotoa, na hayo yanayotupwa yana chumvi zaidi ya yale ya kisimani. Bomba la kutupia walilielekeza bustanini. Mipapai ikakauka, mtunza bustani analaumiwa kila siku kuwa hamwagilii, masikini, kumbe anaizidishia chumvi! Mwisho umeme ukaja mdogo, pampu ikaungua. Tukarudi kwenye katoni za chupa katikati ya msimu, kwa bei ya msimu. Mashine ikawa pa kuanikia taulo.
Sisemi RO ni mbaya. Nasema anayekuuzia bila kupima maji anakuuzia boksi.

Mzee wa Machame:
Pole sana. Ila hapo kosa ni la muuzaji, mashine haina hatia.

Binti Makunduchi:
Mgeni mwenye kiu hatofautishi.

Kibarua wa Hoteli:
Mnapigana kwa chupa wakati tatizo kubwa la pwani ya mashariki ni karo, mashimo ya maji machafu ya vyooni. Gesti ngapi zina karo lililojengewa sakafu? Mengi ni shimo tu kwenye jiwe lenye matundu, na kinachoingia kinaishia kwenye visima na baharini, pale pale kina mama wanapolima mwani. Zao hili lilianza kulimwa kibiashara Paje na Jambiani 1989, kabla ya hoteli kujaa. Leo kotoni, mwani wa bei nzuri, haioti tena maji ya kina kifupi, wamebaki na spinosamu, aina ya bei ya chini.

WatamuKwetu:
Kotoni imekufa kwa sababu ya joto la maji ya bahari, usiwasingizie wenye gesti.

Kibarua wa Hoteli:
Joto ndiyo, sikatai. Lakini uchafu unasaidia? Mama yangu ana mashamba ya mwani, haya sisomi gazetini.

fundi_simtank:
Wote mna haki, lakini mwenye uzi bado hajajibu swali hata moja.

Ukuti_Mkavu:
Samahani, tulikuwa na wageni. Vyumba tisa. Maji mawili: ZAWA yanakuja yakipenda, tunajaza simtank, na kisima cha kuogea na kufulia. Kisima kina chumvichumvi ila si sana. Umeme si mbaya, jenereta hatuna. Paa ni makuti, kama kuna atakayeniambia mvua.

fundi_simtank:
Sasa tunaongea. Vyumba tisa vikijaa ni watu 18. Kila mmoja lita tatu kwa jua la Jambiani, ni lita 54 kwa siku. Kwa chupa za lita moja na nusu ni chupa 36 kila siku, zaidi ya elfu moja kwa mwezi. Kwa madumu hayafiki matatu kwa siku. Hayo yanabebeka.
Kisima usikiguse kwa kunywa. Kama ni mashine, iunganishe na simtank la ZAWA peke yake: chujio la mchanga, mkaa, UV, basi. RO huna haja nayo kama maji ya ZAWA hayana chumvi. Simtank lisafishwe, maji yanayokaa siku nyingi yanaharibika hata yalikuja safi. Na umeme ukikatika UV haifanyi kazi, kwa hiyo weka akiba ya maji yaliyokwisha chujwa.

WatamuKwetu:
Na dumu je? Fundi, unasema atakuwa na mashine na madumu pia?

fundi_simtank:
Nimesema kama.

Mzee wa Machame:
Mvua umeikataa haraka. Kisiwani Chumbe pale, kwenye ile hoteli, wanaishi kwa maji ya mvua na mapaa yao ni makuti vilevile.

Binti Makunduchi:
Chumbe walijenga nyumba kwa ajili ya hiyo kazi toka siku ya kwanza, maji yanapita kwenye mchanga na kokoto kabla ya kuingia kwenye birika chini ya nyumba. Na choo chao hakimwagi maji. Ukuti kajenga gesti, kisha ndiyo anauliza. Makuti yake yatampa maji ya rangi ya chai.

Mzee wa Machame:
Aweke bati basi.

Binti Makunduchi:
Mgeni aje Jambiani alale chini ya bati mwezi wa pili? Mzee, wewe uko mlimani kwenye ubaridi, tuachie.

Kibarua wa Hoteli:
Hilo dumu muulize muuzaji linaoshwa wapi na na nani. Nimeona yanajazwa kwa mpira wa bustani, na lakiri mpya juu. Chukua kwa mwenye nembo ya ubora ya TBS au ZBS, mashirika ya viwango ya Tanzania na Zanzibar, na angalia kama lakiri imevunjwa. Ukiyapata kutoka mjini, hesabu na nauli, bei ya Darajani siyo ya Jambiani.

pwani_mpole:
Jamani, kuna mtu anajua vyeti? Wakala wetu wa Ulaya anadai cheti cha utunzaji mazingira. Kenya wana Ecotourism Kenya na daraja la shaba, fedha na dhahabu. Huku kwetu mnatumia kipi?

WatamuKwetu:
Fungua uzi wako.

pwani_mpole:
Nimeuliza tu, mbona ukali.

Ukuti_Mkavu:
Shemeji yeye anataka mashine, kashakunywa chai na fundi mara mbili. Mie nataka tuanze na madumu na chupa za kioo, tuone msimu unavyokwenda. Nimemwambia fundi aje apime maji kwanza, kasema kipimo kiko Dar.

Binti Makunduchi:
Nimekwambia nini mie?

fundi_simtank:
Kile kimita cha kupimia chumvi kinaingia mfukoni, fundi wa maji asiye nacho ni wa nini? Sema uko sehemu gani ya Jambiani, nina kijana Paje anacho. Hakipimi vijidudu lakini, hivyo peleka maji maabara.

Kibarua wa Hoteli:
Na karo, mnapima lini?

Ukuti_Mkavu:
Karo nitafungua uzi mwengine inshallah. Karibu na skuli, fundi, nitakutumia namba. Halafu chupa za kioo zenye kizibo cha kufunga kwa waya, mjini zinapatikana wapi? Nilizoziona zote ni za sharubati, mdomo mkubwa, sisimizi wanaingia.

pwani_mpole:
Jaribu Mlandege, maduka ya vyombo. Na ukizipata niulizie bei ya dazeni, nami nataka.