Federico Faggin au Ted Hoff: nani hasa aliyeunda maikroprosesa ya kwanza ya Intel?

Mwanafunzi_Saketi:
Ndugu wanajukwaa, habari za leo. Ninaandaa mada ya darasa letu la elektroniki, na nimekuta maandishi mawili yanayopingana: moja linamwita Ted Hoff baba wa Intel 4004, maikroprosesa ya kwanza ya kampuni hiyo (yaani chipu moja inayobeba ubongo wa kompyuta), jingine linampa sifa hiyo Mwitalia Federico Faggin. Naomba kufahamishwa ni nani aliyefanya nini.

Fundi_wa_Zamani:
Ndugu, tenganisha aliyewaza na aliyeunda, na mkanganyiko wako utapungua sana. Mwaka 1969 Busicom, kampuni ya vikokotoo ya Japani, iliiagiza Intel chipu kadhaa za kazi maalumu. Hoff, mhandisi wa Intel, akisaidiwa na mwenzake Stan Mazor, akapendekeza badala yake prosesa moja ya biti 4 (inayoshughulikia tarakimu nne za 0 na 1 kwa mara moja) itakayofuata programu iliyohifadhiwa kwenye kumbukumbu. Wazo lilikuwa zuri, lakini likakaa kwenye karatasi kwa miezi. Faggin aliajiriwa na Intel Aprili 1970, na mara Masatoshi Shima, mhandisi wa Busicom, akawasili kukagua michoro ya saketi, asiikute. Alikasirika, na alikuwa na haki. Hata hivyo akabaki kwa miezi kadhaa akimsaidia Faggin kuifanya kazi ile ile aliyokuja kuikagua.

Faggin hakuja mikono mitupu. Alizaliwa Vicenza mwaka 1941, akashiriki kuunda kompyuta ndogo ya majaribio akiwa Olivetti, kampuni ya Italia ya mashine za ofisi, kabla ya kusoma fizikia katika Chuo Kikuu cha Padova, na mwaka 1968, akiwa Fairchild, kampuni ya chipu huko California, akaendeleza teknolojia ya lango la silikoni. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye uzito wote. Lango ni sehemu inayowasha na kuzima transista, yaani swichi ndogo ya umeme ndani ya chipu. Lango la transista za wakati ule lilikuwa la alumini, ambayo haistahimili joto la tanuri, kwa hiyo liliwekwa baadaye na kufanywa pana kidogo ili lisikose mahali pake, na upana huo ulikula nafasi na kupunguza kasi. Silikoni hustahimili joto, hivyo lango hutangulia kuwekwa, kisha lenyewe huwa kiolezo cha hatua inayofuata. Bila mbinu hiyo ingekuwa vigumu mno kubana transista 2,300 kwenye kipande kimoja na bado zifanye kazi kwa kasi ya kuridhisha.

Msanifu_Programu:
Nakubaliana na mengi, ila tusimpunje Hoff. Kumshawishi mteja aache mpango wake na kukubali prosesa ya matumizi mengi si jambo dogo, na mchoraji saketi hodari asiye na usanifu wa kuufuata hana cha kuchora. Tuzo ya Kyoto ya mwaka 1997 ilitolewa kwa wote wanne, yaani Faggin, Hoff, Mazor na Shima, na mimi naona huo ndio mgawanyo wa haki.

Mwanafunzi_Saketi:
Nashukuruni. Lakini kama ni hivyo, kwa nini jina la Hoff lilivuma zaidi kwa miaka mingi?

Fundi_wa_Zamani:
Mwishoni mwa 1974 Faggin aliondoka Intel, akaanzisha Zilog pamoja na Ralph Ungermann, na mwaka 1976 wakatoa maikroprosesa ya Z80, iliyoweza kuendesha programu za Intel 8080, chipu ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameiasisi. Hapo akawa mshindani wa Intel, na mwenyewe amelalamika kwamba tangu hapo jina lake liliwekwa kando. Z80 ndiyo iliyokuwa ndani ya kompyuta ya nyumbani ya ZX Spectrum, na haikutangazwa kusitishwa hadi 2024. Baadaye, mwaka 1986, alianzisha Synaptics na Carver Mead, kampuni iliyokuja kujulikana kwa padi za mguso za kompyuta za mkononi.

Kwa mada yako, tafuta picha iliyokuzwa ya 4004 uitazame pembezoni: utaona herufi F.F., alizozichora kwenye chipu yenyewe kabla haijatangazwa Novemba 1971.