Chemsha bongo za Ijumaa kwenye magrupu ya jogging: mnamnyima pointi anayejua, mnampa aliyekariri

Wakuu, salamu.

Nitasema bila kuzunguka. Chemsha bongo za magrupu yetu ya jogging zinaharibiwa na watunga maswali wavivu pamoja na waamuzi wasiotaka kusahihishwa. Mtu anaokota orodha ya maswali iliyokwisha kupita kwenye simu za watu wengi, anaibandika kwenye grupu, kisha anasubiri neno lile lile lililoandikwa kwenye orodha yake. Ukileta jibu jingine umekosa, hata kama lako ndilo sahihi. Na jambo linaloniudhi zaidi ni hili: swali bovu halimuumizi asiyejua, kwa sababu yeye anakisia tu na kusonga mbele. Linamuumiza anayejua zaidi. Yeye ndiye anayeona kwamba swali lina majibu mawili, anasita, na muda unamwishia.

Chukueni swali hili linalorudi kila baada ya wiki chache: "Mwafrika wa kwanza kushinda marathoni ya Olimpiki ni nani?" Jibu la orodha ni Abebe Bikila, Roma, 1960. Sasa, mwaka 1912 kule Stockholm mshindi alikuwa Ken McArthur, mzaliwa wa Ireland aliyeiwakilisha Afrika Kusini. Mwaka 1928 Amsterdam alishinda Boughera El Ouafi, na mwaka 1956 Melbourne akashinda Alain Mimoun. Hawa wawili walizaliwa Algeria, ila walivaa jezi ya Ufaransa. Kwa hiyo "Mwafrika wa kwanza" ni nani? Aliyezaliwa Afrika? Aliyewakilisha nchi ya Afrika? Mweusi wa kwanza? Swali halisemi. Aliyeandika McArthur ana hoja, aliyeandika El Ouafi ana hoja, na wote wanafutwa kwa sababu aliyebandika hakujua hata mmoja wao. Kulinyoosha swali hilo hakuchukui nusu dakika: "Nani alishinda marathoni ya Olimpiki mwaka 1960 akikimbia pekupeku?" Hapo jibu ni moja, na hakuna wa kubishana.

Jingine ni la Wakenya. "Mkenya wa kwanza kupata dhahabu ya Olimpiki?" Orodha inasema Kipchoge Keino. Si kweli. Ni Naftali Temu, mita 10,000, Mexico, tarehe 13 Oktoba 1968. Siku tatu baadaye Amos Biwott akachukua mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na Keino akashinda mita 1,500 tarehe 20. Keino ni wa tatu! Na ukibadilisha neno moja tu, ukauliza "medali ya kwanza", jibu linageuka kuwa Wilson Kiprugut, shaba ya mita 800, Tokyo 1964. Huu ndio mfano wa jinsi "dhahabu" na "medali" zisivyoweza kubadilishana nafasi, lakini humu watu wanazichanganya kila wiki.

Kuhusu Tanzania ndiyo usiseme, na hapa ndipo ilipaswa tuwe makini kuliko popote. Nimeona swali likiuliza Filbert Bayi alipata dhahabu ya Olimpiki mwaka gani. Hakuipata mwaka wowote. Alichofanya ni hiki: tarehe 2 Februari 1974, Christchurch, New Zealand, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, aliongoza mita 1,500 tangu mwanzo hadi mwisho na kuvunja rekodi ya dunia kwa dakika 3 sekunde 32.2. John Walker aliyemfuata naye alikwenda chini ya rekodi ya zamani. Mwaka 1976 Tanzania haikwenda Olimpiki ya Montreal kwa sababu ya mgomo wa nchi za Afrika, na Walker akashinda mbio hizo Bayi akiwa hayupo. Medali ya Olimpiki ya Bayi ni fedha ya kuruka viunzi na maji, Moscow 1980. Michezo hiyo hiyo Suleiman Nyambui alipata fedha ya mita 5,000. Hadi michezo ya Paris 2024 ilipomalizika, hizo mbili ndizo medali zote za Olimpiki za Tanzania. Dhahabu ya Mtanzania Alphonce Simbu ni ya marathoni ya mashindano ya dunia, Tokyo, Septemba 2025: saa 2 dakika 9 sekunde 48, muda ule ule na Amanal Petros wa Ujerumani, wakitenganishwa na sekunde 0.03. Mtunga swali akiandika "dhahabu ya kwanza ya Tanzania" bila kusema ya mashindano gani, amelibomoa swali kabla halijasomwa.

Na jamani, Vienna. Tarehe 12 Oktoba 2019 Eliud Kipchoge alikimbia kilomita 42.195 kwa saa 1:59:40. Lilikuwa jambo kubwa, lakini halikuwa rekodi ya dunia. Hayakuwa mashindano ya wazi, wakimbiaji wa kuweka kasi walikuwa wakiingia na kutoka kwa zamu, na vinywaji aliletewa kwa baiskeli. Rekodi iliyotambuliwa siku ile ilikuwa yake mwenyewe ya Berlin 2018, saa 2:01:39. Akaishusha hadi 2:01:09 mwaka 2022, kisha Kelvin Kiptum akaandika 2:00:35 kule Chicago, tarehe 8 Oktoba 2023. Ndiyo maana swali la rekodi lisiulizwe kamwe kwa "ni ngapi?" tupu. Weka mwaka ndani ya swali: "Kiptum aliandika muda gani Chicago mwaka 2023?" Swali la namna hiyo halichachi. La "rekodi ya sasa" linaweza kuchacha Jumapili moja asubuhi, na orodha yako ya Ijumaa ikawa uongo.

Maswali ya ujuzi wa jumla nayo yana ugonjwa ule ule. "Tanzania ilipata uhuru lini?" Tanganyika ni 9 Desemba 1961. Zanzibar ni 10 Desemba 1963, Mapinduzi yakafuata 12 Januari 1964, Muungano 26 Aprili 1964. Nchi inayoitwa Tanzania haikuwepo mwaka 1961. "Ziwa kubwa zaidi Afrika?" Kwa eneo ni Victoria, kwa ujazo wa maji ni Tanganyika, ambalo kina chake kinafika mita 1,470. "Afrika ina nchi ngapi?" Wanachama wa Umoja wa Mataifa ni 54, wa Umoja wa Afrika ni 55, kwa sababu ya Sahara Magharibi. "Mji mkuu wa Burundi?" Mwamuzi anayekataa Gitega na kung'ang'ania Bujumbura anatumia orodha ya kabla ya 2019. Urefu wa Kilimanjaro shuleni tulifundishwa mita 5,895, na vipimo vya baadaye vya setelaiti vikatoa pungufu ya mita tatu au nne. Hata kama orodha yako ina 5,895 pekee, usimkatalie aliyeandika 5,892.

Dawa yake si ngumu. Ukishaandika swali, lishambulie mwenyewe: tafuta jibu la pili ambalo mtu mwenye akili timamu angeweza kulitetea. Ukilipata, ongeza neno moja la kulifungia nje, yaani mwaka, mji, kipimo, "kwa eneo", "wanaume", "aliyewakilisha nchi huru". Hakiki jibu sehemu mbili zisizonakiliana, na andika pembeni ya jibu majibu mengine utakayoyakubali, pamoja na tahajia. Bughera, Boughera, El Wafi, yote ni mtu yule yule. Hatuko kwenye mtihani wa imla.

Sasa niingie kwenye muda, maana hapa ndipo dhuluma inapofanyika waziwazi. "Wa kwanza kujibu ndiye mshindi" kwenye grupu la simu ni utaratibu mbovu. Saa inayoonekana pembeni ya ujumbe ni ya dakika, haina sekunde. Mwenye mtandao dhaifu ujumbe wake unakaa kwenye simu ukisubiri, unafika wakati wenzake kumi wameshaandika, na mwamuzi anahesabu kwa mpangilio anaouona kwenye simu yake yeye. Mshindi anakuwa mwenye bando na mnara jirani. Halafu jibu la kwanza likishaonekana, waliobaki wananakili.

Fanyeni hivi. Maswali 20, yagawanywe raundi nne za matano. Bandika matano kwa mpigo, toa dakika nne, na kila mtu atume majibu yake yote kwa ujumbe mmoja moja kwa moja kwa mwamuzi, si kwenye grupu. Ongeza dakika moja ya msamaha kwa ajili ya mtandao. Kasi isihesabiwe kabisa. Kwa muda huo bado mtu anaweza kuchungulia intaneti, hilo sikatai, lakini swali la kupanga linamchelewesha sana: "Panga kwa mfuatano wa miaka: dhahabu ya Olimpiki ya Akii-Bua (Uganda), ya Niyongabo (Burundi), ya Kiprotich (Uganda), ya Wanjiru (Kenya)." Asiyejua anatakiwa atafute vitu vinne. Anayejua anaandika ndani ya sekunde kumi: Akii-Bua 1972, Niyongabo 1996, Wanjiru 2008, Kiprotich 2012.

Maswali ya kuchagua nayo yana hesabu yake. Kwa chaguo nne, asiyejua chochote anatarajiwa kuokota 5 kati ya 20. Kwa kweli-au-si-kweli anaokota 10. Kwa hiyo acheni kujaza kweli-au-si-kweli. Na mkiweka chaguo, ziwe za ukoo mmoja. Kwa dhahabu ya kwanza ya Kenya, weka Temu, Keino, Biwott na Kiprugut. Hapo kila jina linamvuta mtu kwa sababu. Mkiweka Temu pamoja na mcheza mpira, mwanamuziki na mbunge, mmeshatoa jibu. Angalieni pia msiweke jibu sahihi kwenye C kila mara, wala lisiwe ndilo refu kuliko mengine, maana watu wameshaigundua tabia hiyo.

Mwisho wa malalamiko yangu ni mapingamizi. Aliyetunga swali asiwe ndiye anayeamua pingamizi lake. Awepo mtu wa pili, na dakika kumi baada ya majibu kutangazwa ziwe za kupinga kwa ushahidi. Halafu jueni tofauti hizi, kwa sababu zinachanganywa sana. Swali likiwa na majibu mawili yanayotetewa, kubali yote mawili, usilifute, maana ukilifuta unamnyang'anya aliyepata. Jibu la mtunga likiwa kosa, weka la kweli na uhesabu upya kwa watu wote, pamoja na wale waliokaa kimya. Swali likiwa halina jibu, kama lile la dhahabu ya Olimpiki ya Bayi, hapo ndipo linafutwa kwa kila mtu. Kumpa pointi aliyepiga kelele peke yake ni upendeleo, hata kama ana haki.

NYONGEZA 1: Mnaosema "ni burudani tu, mbona unakasirika", nawaheshimu ila sikubaliani. Watu wanaamka saa kumi na moja alfajiri kukimbia pamoja, Ijumaa jioni wanakaa na simu zao kwa hiari kwa sababu wanaupenda mchezo huu. Kuwafundisha jambo la uongo kuhusu Bayi au John Stephen Akhwari, mkimbiaji wetu wa marathoni, si burudani. Kuna kijana atalibeba jibu lile hadi kwenye usaili au darasani.

NYONGEZA 2: Kwa mkuu aliyeuliza ugumu upangweje. Kwa maswali 20, sita yawe mepesi, kumi ya kati, manne magumu. Ukimaliza, hesabu kila swali limepatwa na wangapi. Lililopatwa na wote au lisilopatwa na yeyote halijatenganisha mtu na mtu, liondoe kwenye daftari lako au liandike upya. Usianze na gumu, wageni wanakata tamaa na kunyamaza hadi mwisho.

NYONGEZA 3: Dada aliyeuliza kuhusu sare, yaani watu wakifungana pointi, acheni kurusha shilingi na acheni "wa kwanza kujibu". Tumieni swali la kukaribia namba, wote wajibu kwa siri kwa mwamuzi, aliye karibu zaidi anashinda. Chagueni namba isiyokaririwa na wengi. Mfano: Mexico 1968, John Stephen Akhwari alimaliza marathoni goti likiwa limefungwa bandeji, Mamo Wolde wa Ethiopia akiwa ameshinda kwa saa 2:20:26. Akhwari alitumia muda gani? Jibu ni saa 3:25:27. Mkikuta wawili wamekosa kwa kiasi kile kile, mmoja juu na mwingine chini, wapeni swali la pili la namna hiyo hiyo. Andaeni mawili mapema, msitunge papo hapo.