Mercedes 240D ya mwaka 1979: kufufua otomatiki au kuweka gia za mkono?

Mkwawa240 (Iringa)

Wanajukwaa, heshima kwenu. Gari ninaloliulizia ni Mercedes-Benz 240D ya mwaka 1979, lile umbo la W123, ambalo marehemu baba aliliendesha tangu niko shule ya msingi hadi alipostaafu, na kwa sababu hiyo kuliuza si jambo linalozungumzwa nyumbani kwetu. Injini yake ya dizeli ni nzima na inawaka mara moja hata asubuhi za Juni, wakati Iringa ina baridi kali. Tatizo ni gia boksi ya otomatiki. Nikipanda mlima wa Kitonga inahangaika baina ya gia ya pili na ya tatu, na injini inapiga kelele bila gari kuongeza mwendo. Wiki iliyopita fundi alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta kwenye karatasi nyeupe, tukaona sote kwamba wekundu wake umekwisha: imebaki kahawia iliyokolea, ina harufu ya kuungua, na ukiisugua baina ya vidole unahisi ungaunga mweusi.

Nimeshauriwa njia nne: kuifungua otomatiki na kuitengeneza upya, kuweka gia nne za mkono za W123 yenyewe, kuweka gia tano, au kuunganisha gia boksi ya Toyota kwa kuchongewa kibati cha kati, kinachokaa baina ya injini na gia boksi. Naomba aliyewahi kuifanya kazi hii kwa mikono yake, au aliyesimama pembeni ikifanyika, anieleze kila njia inadai nini na inakuachia gari la namna gani.

FundiWaTanga

Kijana wangu, pole kwa gia na hongera kwa kulitunza gari la mzee. Nimebadilisha W123 tatu kutoka otomatiki kwenda gia za mkono, mbili kati yake zikiwa 240D kama yako.

Kwa injini hiyo ninashauri gia nne za mkono za gari hilohilo, wala sisiti. Una nguvu ya farasi 72 tu, na otomatiki inakula sehemu yake kwenye torki konveta, kwa sababu humo nguvu inapita kwenye oili inayozunguka badala ya chuma kushikana na chuma. Ndiyo maana 240D ya otomatiki hupanda mlima kama iliyopakiwa saruji. Gia ya kwanza ya mkono ina uwiano wa karibu 3.9, yaani injini huzunguka karibu mara nne ili shafti inayotoka izunguke mara moja, ya nne ni moja kwa moja, na difu (gia za ekseli ya nyuma) ya 3.69 iliyokuja na gari lako inafaa, kwa hiyo usiiguse. Ukiteremka Kitonga utaweka gia ya pili na injini itakushikia gari, breki zipumzike.

Sasa nisikilize kwa makini hapa. Watu wengi hununua gia boksi kwanza, wakaipeleka nyumbani kwa furaha, kisha gari likakaa juu ya mawe miezi sita kwa kukosa vitu vidogo. Gia boksi ndicho kitu rahisi kupatikana kuliko vyote. Kinachosumbua ni fremu ya pedali yenye pedali ya klachi, masta silinda yake (pampu ya oili inayosukumwa na pedali), bomba lake, silinda ya chini, flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini) na boliti zake, uma na beringi ya kusukumia klachi, propela (shafti inayopeleka nguvu nyuma) ya mbele yenye urefu unaolingana, krosimemba inayobeba gia boksi, mkono wa gia na fito zake, hata kamba ya spidi. Tafuta gari moja lililokufa, likiwa la gia za mkono, ununue vyote humo, na uwepo mwenyewe linapofunguliwa.

Flaiwili usiifunge kama ilivyokuja. Kiwandani ilisawazishwa kulingana na kranki (shafti kuu) ya injini yake, na ya kwako imesawazishwa na ile sahani nyembamba ya otomatiki. Mpelekee fundi wa mashine vyote viwili ailinganishe flaiwili na sahani hiyo. Ukiruka hatua hii utapata mtetemo usioisha, na utabadilisha mipira ya kubebea injini bila sababu. Boliti zake ni za kuvutika, basi nunua mpya. Jambo jingine ni beringi ndogo inayokaa kwenye tundu la mwisho wa kranki, ambayo injini iliyokuja na otomatiki mara nyingi haina. Ukiisahau, gia boksi itaingia na kufungwa vizuri kabisa, kisha shafti itacheza, na utayajua hayo baada ya wiki mbili ukiwa unashusha kila kitu upya.

Nyali123 (Mombasa)

Ninakubaliana na fundi kwa sehemu kubwa, ila nina W123 yenye gia tano na ningependa njia hiyo isipitwe haraka. Kwa gia nne, difu ya 3.69 na matairi ya kawaida ya inchi 14, mwendo wa kilometa 100 kwa saa unaizungusha injini takribani mara 3,100 kwa dakika. Gia ya tano, ambayo uwiano wake ni karibu 0.8, inaishusha hadi kiasi cha 2,500. Kwa anayetoka Mombasa hadi Nairobi tofauti hiyo anaisikia masikioni: mnaweza kuzungumza na aliyekaa nyuma bila kupaza sauti.

Pamoja na hayo, kwenye kila mwinuko mrefu baada ya Voi ninarudi gia ya nne, kwa sababu farasi 72 hawatoshi kuvuta gari zito kwenye gia ya tano. Safari zako zikiwa za milimani, utaibeba gia hiyo bila kuitumia sana. Tena ni adimu. Mimi niliipata kwenye gari lililoletwa kutoka Uingereza, baada ya kungoja zaidi ya mwaka.

Kuhusu oili, mafundi wengi hapa hukosea. Gia boksi hizi za mkono za Mercedes zinatumia oili nyekundu ileile ya otomatiki, si oili nzito ya gia. Yangu ilijazwa nzito, na kila asubuhi gia ya pili ilikataa kuingia mpaka niwe nimekwenda kilometa kadhaa. Nilikwisha kuamini kwamba meno yamekufa. Tulimwaga, tukaweka nyekundu, na siku hiyohiyo mkono ukaingia kama kisu kwenye siagi. Kwa baridi ya Iringa ungeteseka zaidi yangu.

MamaWaKijenge (Arusha)

Naomba niitetee otomatiki, kwa kuwa ninayo na ninaipenda. 240D yangu ilikuwa ikigonga kila inapobadilisha gia, na mafundi wawili walikwisha kuihukumu. Wa tatu aliinama chini ya gari na tochi, akakuta mpira mdogo wa vakyumu (nguvu ya kufyonza hewa) unaokwenda kwenye gia boksi umepasuka. Otomatiki ya gari hili inategemea vakyumu ili ijue injini inabeba mzigo kiasi gani. Vakyumu ikivuja, gia boksi nzima huonekana mbovu hali haina kosa. Mpira mpya uliyamaliza yote.

Hata hivyo, kaka, dalili zako si zangu. Oili inayonuka kuungua na yenye unga maana yake sahani za ndani zimekwisha, na hapo mpira hauponyi kitu. Kuifungua kunataka fundi aliyewahi kuzifungua hizo hasa, mwenye vifaa na vipimo vyake, pamoja na seti kamili ya sili na sahani. Ukimpata, gari linabaki kama lilivyotoka kiwandani, na kwangu hilo lina uzito, maana mwenye gari la kale analitunza kwa ajili ya watakaokuja pia. Usipompata, usimkabidhi mtu anayetaka kujifunzia kwako. Na ukiamua kuibadilisha, ninakuomba otomatiki hiyo usiiuze kwa wanunuzi wa chuma chakavu: ifunge kwenye turubai pamoja na propela yake uihifadhi.

KaratinaMotors_Fan (Nakuru)

Hiyo ya Toyota nimeifanya, kwa hiyo nitasema nilichokiona. Faida yake ni moja na ni kubwa: spea za gia boksi na klachi zinapatikana kila mji. Kibati cha kati chenyewe mchongaji mzuri anakitengeneza kwa siku mbili.

Ugumu uko kwenye kitovu. Shafti ya gia boksi lazima iingie katikati kabisa ya kranki, na kosa la sehemu ndogo ya milimita halionekani kwa macho. Linaonekana kwa beringi ya mbele kuanza kulia na klachi kutoachia sawasawa. Yangu ya kwanza ilikufa hivyo. Ya pili tulipima kwa saa ya kupimia iliyofungwa kwenye flaiwili, tukaizungusha kranki kwa mkono na kusogeza kibati kwa kukigonga taratibu mpaka mshale ukatulia, na hiyo inadumu hadi leo. Baada ya hapo bado kuna propela ya kuunganisha na kusawazisha, sahani ya klachi yenye meno yanayolingana na shafti ya Toyota, na spidi inayodanganya. Kwa gari la kazi ningelifanya tena. Kwa gari la marehemu mzee, ambalo spea zake halisi bado zinapatikana, nisingelikata wala kulitoboa.

Mzee504

Wasomaji wenye Peugeot 504 ya otomatiki wasiyachukue maelezo haya kama yalivyo. Katika 504 propela imefunikwa ndani ya bomba linalofungwa kwenye gia boksi kwa mbele na kwenye difu kwa nyuma, kwa hiyo huwezi kukata na kuunga unavyotaka. Bomba na shafti yake vitoke kwenye gari lenye gia boksi na bodi kama unavyokusudia.

Mkwawa240 (Iringa)

Shikamoo fundi, na shukrani kwenu nyote. Nimekwenda kwa waliopendekezwa kuifungua otomatiki, na hakuna aliyekiri kuwahi kumaliza moja. Gia nne basi. Kuna 240D iliyogongwa ubavuni huko Makambako, ya gia za mkono, pedali na kila kitu viko ndani, na mwenyewe amekubali niwepo wakati wa kuifungua. Nimebaki na maswali mawili: klachi hii inatolewaje hewa, maana nimesikia inasumbua, na nyaya na mipira ya otomatiki itakayobaki inaning'inia niifanyeje?

FundiWaTanga

Marahaba mwanangu. Klachi ya W123 itoe hewa kutoka chini kwenda juu. Masta silinda imekaa ndani, juu ya mguu wa dereva, na inapata oili kwa mpira unaotoka kwenye kopo la breki. Kwa hiyo hakikisha kopo lako lina mdomo wa mpira huo, la sivyo chukua la Makambako. Chukua mpira safi, uunganishe nipeli (skrubu ya kutolea hewa) ya breki ya mbele kulia na nipeli ya silinda ya klachi, baada ya kuujaza oili usiwe na hewa. Fungua zote mbili, mwenzako akanyage breki polepole. Kabla hajaachia funga nipeli ya breki, akishaachia fungua tena. Oili itasukuma hewa ipande mpaka kwenye kopo, nawe utaona mapovu yakitoka. Kopo lisijae likamwagika, kwani oili ya breki inababua rangi.

Swichi iliyokuwa kwenye otomatiki ilizuia stata isizunguke gari likiwa kwenye gia, na taa za nyuma za kurudia zilipita humohumo. Unganisha nyaya za stata moja kwa moja, na za taa zipeleke kwenye swichi ya gia za mkono. Kuanzia hapo gari litawaka hata likiwa kwenye gia, basi wafundishe wote nyumbani kukanyaga klachi kwanza. Mabomba mawili ya oili yanayokwenda kwenye rejeta yatoe, uzibe midomo ya rejeta kwa vifuniko vya kukaza.

Mpira wa vakyumu uzibe siku hiyohiyo, na uzibe vizuri. Gari langu la kwanza niliuacha wazi. Tulimaliza saa mbili usiku, nikaliendesha, gia zikaingia vizuri, nikarudi gereji na kuzima ufunguo, injini ikaendelea kunguruma nikiwa nimeushika mkononi. Dizeli hii inazimwa kwa vakyumu, na yote ilikuwa inavuja kwenye ule mpira mmoja. Fungua boneti, utaona kiwiko kilichoandikwa STOP juu ya injini, ukikibonyeza, itazima.