Nyumba ya Mungu, perege wakiwa kwenye mazalia: fito, wavu au dema?

FitoNdefu: Wakuu, salaam. Nalinganisha njia za kuvua bwawa la Nyumba ya Mungu kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei, maji ya masika yakishaanza kuingia bwawani kwa mto Kikuletwa. Nina tatu mezani: fito na ndoano, wavu wa kutega, na dema (mtego wa kikapu uliosukwa kwa fito). Nahitaji kitoweo na ziada kidogo ya kuuza, ila sitaki kutoa majike wenye mayai mdomoni. Leseni ipo. Kokoro (wavu wa kukokota) na nyavu za timba (za uzi mmoja wa plastiki) zimekatazwa, kwa hiyo hazimo kwenye hesabu. Mnashauri ipi, na kwa vipimo gani?

Chelezo: Mkuu, anza na samaki mwenyewe, zana itajichagua. Dume la perege huchimba shimo la duara mfano wa karai kwenye mchanga au tope gumu, maji yakiwa na kina cha nusu mita hadi mita moja na nusu. Jike huja, hutaga, huyazoa mayai mdomoni papo hapo na kuondoka zake. Hulea mdomoni siku 10 hadi 14 hivi, na muda huo wote hali, au hula kidogo sana. Chambo kinampita puani hakigusi. Hapo ndipo ndoano inapozishinda zana nyingine zote msimu huu: unaopata karibu wote ni madume na majike wasiolea. Dume akitoka kwenye shimo lake mwingine huingia, na mayai yalishaondoka na mama.

Vipimo: fito ya mita 3 hadi 4, mshipi wa milimita 0.25, ndoano namba 10 au 12 (kumbuka namba ikipanda ndoano inapungua). Chubwi (kizito cha mshipi) ya gramu 1 tu, sentimita 15 juu ya ndoano. Chelezo, yaani kielea cha mshipi, kata kwenye kandambili kuukuu, ukubwa wa punje ya hindi. Ukikiweka kikubwa perege atasikia uzito na kutema. Chambo ni kipande cha nyungunyungu kinachofunika ncha, si mnyoo mzima unaoning'inia, maana atauma mkia na kuondoka nao. Tupa kwanza tonge mbili za pumba za mahindi zilizokandwa na udongo, usubiri robo saa.

Na usingoje chelezo kizame. Perege anakitembeza pembeni polepole, kama kinachosukumwa na upepo. Kikianza tu kwenda kinyume na mawimbi, inua mkono.

Mkia wa Ruvu: Kwa kitoweo Chelezo kamaliza. Kwa ziada ya kuuza, fito pekee itakuchosha. Wavu unafaa, ila jicho na mahali ndivyo vinavyoamua. Hesabu ya haraka: urefu wa perege anayenasa vizuri ni kama mara 2.4 ya jicho lililovutwa (tundu la wavu likinyooshwa na kupimwa fundo hadi fundo). Inchi 3 ni milimita 76, inakupa samaki wa sentimita 18. Inchi 4 inakupa wa sentimita 24 au 25, ambao wengi wao wameshazaa. Kwa msimu huu mimi sishuki chini ya inchi 4.

Kushona: wavu wa mita 100 uliovutwa upachike kwenye kamba ya mita 50. Ukiukaza mpaka mita 70, macho yanafunguka kupita kiasi, samaki anagonga na kurudi nyuma. Ukiulegeza mpaka mita 35, unageuka mfuko unaozoa kila kitu, matete yaliyong'oka yakiwemo. Tega kwenye kina cha mita 3 kwenda juu, mbali na matete, saa 11 jioni. Toa kabla ya saa 12 asubuhi. Ukichelewa hadi saa 3, maji yameshapata joto, nyama imelegea, na mnunuzi akibonyeza tumbo anaacha alama ya kidole.

Dada Kitoweo: Ndugu Mkia wa Ruvu, kwenye jicho tuko pamoja. Ila "mbali na matete" ipe namba, kwa sababu hapo ndipo watu wanaharibu. Jike akishabeba mayai haendi kilindini. Anajificha ukingoni mwa matete palipotulia, na vifaranga anawaachia hukohuko kwenye maji ya magotini. Wavu uliotegwa sambamba na matete, hata wa inchi 4, unazoa walezi. Usitege karibu zaidi ya mita 50 kutoka ukingoni. Na mtu akikwambia upige maji ili samaki wakimbilie wavuni, hiyo ni katuli, na imekatazwa.

Walezi wachache watanasa hata hivyo. Utamtambua kwa koo: ngozi chini ya taya imetuna na kulegea kama mfuko, na mdomo hafungi sawasawa. Usimpandishe mtumbwini. Mshike ukiwa umezamisha mikono, kata jicho moja la wavu, mwachie hapohapo. Akiinuliwa hewani hutema, na yale mayai ya rangi ya kiini cha yai yakishatawanyika kwenye mawimbi hayazoi tena.

Kuna na perege mwingine asiyelea mdomoni, mwenye koo na tumbo jekundu. Yeye hula majani, na kipande cha mchicha ndoanoni kinamleta. Mazalia yake hayafanani na karai. Ni vishimo kadhaa vilivyokaribiana kama macho ya sega la nyuki. Baba na mama wote wanalinda mayai pale chini. Chelezo, maneno yako kwamba dume akitoka hakuna hasara hayamhusu huyu. Ukiona vishimo vingi pamoja, sogeza fito.

Chelezo: Sahihi kabisa, dada. Nilimsemea wa karai tu. Kwa mwenye koo jekundu, vua mita 20 kando ya vishimo.

Mishipi Mia: Mmemsahau kambale, na ndiye wa kuuza msimu huu. Maji yanapopanda anaingia kwenye majani yaliyofurika kutaga. Mayai yanaganda kwenye nyasi, yanaanguliwa ndani ya siku moja hadi moja na nusu, wala halei. Usimzibie njia anapoingia. Mngoje anaporudi bwawani, au umtegee usiku kwenye maji ya wazi.

Zana ni kamba ndefu ya ndoano nyingi: kamba kuu mita 100, ndoano 50, nafasi ya mita 2. Vigwe (vikamba vinavyoshika ndoano) sentimita 60. Vikizidi nusu ya nafasi, ndoano jirani zinasukana, na asubuhi unatoa fundo badala ya samaki. Ndoano namba 2 au 1/0. Jiwe la kilo 2 kila mwisho, boya ni dumu la lita 5. Chambo ni utumbo wa kuku au kipande cha sabuni ya mche, ambacho hakiliwi upesi na samaki wadogo. Usitumie vifaranga vya perege, utakuwa unakula mbegu.

Dema nalo lina zamu yake. Maji yakipanda, liache nyumbani. Yakianza kushuka, liweke kwenye mkondo mdomo ukielekea majanini, umpate kambale aliyekwisha kutaga. Acha nafasi za sentimita 5 kati ya fito za dema ili wadogo wapite.

FitoNdefu: Asanteni sana. Nitajuaje maji yameanza kushuka? Mvua zinaweza kuendelea huku bwawa linapungua.

Mkia wa Ruvu: Mvua si kipimo. Maji haya yanategemea pia yanavyotolewa kwa ajili ya mitambo ya umeme, wa hapa na ile ya Hale na Pangani kule chini. Chomeka mti wenye alama za kila sentimita 5 kwenye maji ya magotini, uusome kila asubuhi kabla upepo haujaanza kurusha mawimbi. Siku 3 mfululizo za kushuka, peleka dema.

Dada Kitoweo: Na ufuo wa kaskazini ni tambarare, kwa hiyo sentimita 20 tu za kushuka zinayasogeza mazalia mengi karibu na nchi kavu. Ukiona karai zimebaki na maji ya kifundoni, hapo usivue kabisa. Na usiuchomeke mti huo kwa kuingia majini peke yako alfajiri. Mamba na viboko wapo. Fanya ukiwa mtumbwini, mkiwa wawili.