Kihisi kimoja cha torki cha Nm 1000: je, kinatosha kupima spana zote za karakana?

MsimamiziKarakana (Dar es Salaam)

Habari za kazi, ndugu zangu. Ninasimamia karakana inayohudumia malori ya masafa marefu, na tunazo spana tatu za torki (nguvu ya kuzungusha, inayopimwa kwa nyutoni-mita, Nm) za aina inayolia inapofika kiwango ilichopangiwa: ndogo ya Nm 5 hadi 25, ya kati ya Nm 40 hadi 200, na kubwa ya Nm 150 hadi 750 ambayo hutumika zaidi kwenye nati za magurudumu. Kwa kawaida tunazipeleka maabara ya nje kwa ajili ya ugezi, yaani kulinganishwa na kipimo kinachoaminika, mara moja kwa mwaka, na zinapokuwa huko kazi nyingi husimama. Sasa muuzaji mmoja ametuletea kihisi cha torki, yaani kifaa cha kuipimia, cha Nm 1000 chenye skrini yake, kilichoandikwa usahihi wa ±0.5% ya kipimo kamili, naye anasema kitatosha kwa spana zote tatu.

Alituachia tukijaribu, na hapo ndipo lilipozuka jambo nisilolielewa. Spana ya kati ikiwa imepangwa Nm 120, mimi nikiivuta taratibu skrini huonyesha 121 au 122, lakini kijana mmoja wa karakana akiivuta kwa nguvu na kwa haraka huonyesha hadi 134. Spana ni ile ile na kihisi ni kile kile. Ningeomba kujua tatizo liko wapi, kama kweli kihisi kimoja kinatosha, na kama tukinunua tutaweza kuacha kabisa kulipia maabara. Tunayo pia mashine ya upepo ya kufungia nati, nayo ningependa kuipima kwa kifaa hicho hicho.

MgeziMstaafu

Ndugu Msimamizi, nitaanza na suala la kihisi kimoja kwa sababu ndilo litakalokugharimu fedha. Maneno ya kuangalia kwenye karatasi ya muuzaji si "±0.5%" bali "ya kipimo kamili". Asilimia hiyo inahesabiwa kutoka kwenye Nm 1000, kwa hiyo kosa linaloruhusiwa ni Nm 5 popote pale utakapopima, iwe juu au chini. Kiwango cha kimataifa cha ISO 6789, toleo la 2017, kinaruhusu spana ya aina yako ikosee kwa ±4% ikiwa ukomo wake unazidi Nm 10, na ±6% ikiwa hauzidi hapo, na kinataka shaka ya kipimo (kiasi ambacho namba inayosomwa inaweza kutofautiana na ukweli) ya kifaa kinachoipima isizidi robo ya ruhusa hiyo. Kwa spana zako zote tatu robo hiyo ni 1%. Sasa kokotoa mwenyewe: spana ndogo ikipimwa kwenye Nm 5, kosa la kihisi ni sawa na kipimo chote. Spana ya kati kwenye Nm 40 inakabiliwa na kosa la 12.5%, na hata ikifika Nm 200 bado ni 2.5%. Hiyo kubwa, ambayo muuzaji angeitolea mfano kwa fahari, inaingia ndani ya 1% kuanzia Nm 500 kwenda juu tu, ilhali nayo inapaswa kupimwa kuanzia Nm 150.

Kwa hiyo kihisi kimoja hakitoshi. Tafuta vihisi ambavyo usahihi wake umetajwa kwa asilimia ya kinachosomwa, tuseme ±0.5% kuanzia sehemu ya kumi ya uwezo wake hadi mwisho. Vitatu vya aina hiyo, vya Nm 25, Nm 250 na Nm 1000, vinaweza kutumia skrini moja na vitazifunika spana zako zote bila pengo.

Kuhusu 122 na 134, sidhani kwamba kuna kilichoharibika. Ndani ya kihisi mna mhimili wa chuma ambao hujipinda kidogo sana unaposokotwa, na juu yake vimegandishwa vipande vya waya mwembamba ambavyo ukinzani wake wa umeme hubadilika kadiri chuma kinavyojipinda. Kihisi hakijui spana imelia wakati gani. Kinafuata nguvu inayokifikia, basi. Spana inapolia, utaratibu wake wa ndani huachia na mpini huwa huru kwa digrii chache, torki ikashuka ghafla, kisha hujifunga tena. Anayevuta taratibu husimama hapo. Anayevuta kwa haraka hawezi kusimama kwa wakati, hivyo hupita na kuendelea kukaza, na skrini ikiwa imewekwa kushika kilele cha juu kabisa itahifadhi ile nguvu ya baada ya mlio. Karibu vifaa vyote vilivyotengenezwa kwa kazi hii vina chaguo la kushika kilele cha kwanza, yaani thamani iliyofikiwa kabla torki haijashuka. Weka hapo kisha mrudie jaribio. Kwa spana iliyopangwa Nm 120, kinachosomwa kikiwa kati ya takriban Nm 115 na Nm 125 kimo ndani ya ruhusa.

Hata hivyo, kilele cha kwanza hakikupi ruhusa ya kuvuta upendavyo. Sehemu ya mwisho ya kuvuta, kuanzia kama 80% ya kiwango kilichopangwa, iende polepole na kwa mwendo usiobadilika, mkono ukiwa kwenye alama ya mpini na spana ikiwa pembe mraba na mhimili wa kihisi bila kukiinamia. Ndiyo maana maabara hutumia fremu yenye skrubu ya kuzungusha badala ya mkono wa mtu: vijana wawili wenye nguvu tofauti hawatatoa namba moja.

Utaratibu wenyewe ni mfupi. Fanyisha spana kazi mara tano kwenye ukomo wake wa juu bila kuandika chochote, kisha pima kwenye 20%, 60% na 100% kwa mfuatano huo, ukirudia mara tano kwenye kila kiwango. Kila unapopanga kiwango, kifikie ukitokea chini.

MsimamiziKarakana

Nashukuru sana, mzee wangu. Tumebadilisha chaguo la skrini na sasa vijana wote wanasoma kati ya 120 na 123. Bado nina swali moja: vihisi hivyo vitatu navyo nitavithibitishaje? Tuna mawe ya mizani ya kilo 20 na fundi wetu wa kuchomelea anaweza kutengeneza mkono wa chuma wa mita moja. Je, kuning'iniza mawe hakutoshi?

Kipimo_Nairobi

Ndugu, kwa ukaguzi wa mara kwa mara wazo hilo ni zuri, na maabara kubwa nazo hutumia mawe na mkono. Ila hesabu yake ifanywe kwa mvutano wa dunia wa hapo ulipo. Vitabu vingi hutoa 9.80665 (mita kwa sekunde mraba), lakini sisi tuko karibu na ikweta: Dar es Salaam ni takriban 9.781, na hapa Nairobi tunashuka zaidi, takriban 9.776, kwa kuwa tuko juu milimani. Kilo 20 kwenye mkono wa mita moja zitakupa Nm 195.6 hapo kwako, wala si 196.1. Tofauti ni kama 0.26%, yaani zaidi ya nusu ya ruhusa ya kihisi chenye ±0.5%, na yote imetokana na namba iliyonakiliwa kitabuni. Zaidi ya hapo, mkono wenyewe una uzito na lazima usawazishwe upande wa pili, urefu upimwe kutoka katikati ya mhimili hadi mahali kamba inaponing'inia (milimita moja kwenye mita moja ni 0.1%), na mhimili ushikiliwe na beringi ili uzito usikipinde kihisi kwa upande. Mkono uliochomelewa karakanani utakuambia kama kihisi kimepotoka sana tangu mwezi uliopita. Hautakupa cheti.

MgeziMstaafu

Hapo mwenzetu amenena vizuri, nami nimalizie suala la kuacha kulipia maabara. Hutaacha; utapunguza. Badala ya spana tatu kwenda nje, vitakwenda vihisi, kwenye maabara yenye ithibati ya ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha umahiri wa maabara za upimaji na ugezi. Kwa Kenya ithibati hutolewa na KENAS, shirika la ithibati la nchi hiyo, na kwa Tanzania maabara nyingi huipata kupitia SADCAS, shirika la ithibati la nchi za SADC. Omba kuona orodha ya vipimo ambavyo ithibati inavihusu, kwa sababu maabara inaweza kuwa imeidhinishwa kwa mizani na halijoto ilhali torki haimo. Na usichanganye karatasi inayokuja ndani ya kasha la spana mpya na cheti cha ugezi. Sehemu ya kwanza ya ISO 6789 inamruhusu mtengenezaji kutoa tamko tu kwamba spana inakidhi kiwango. Cheti chenye shaka ya kipimo kwa kila kiwango ni cha sehemu ya pili. Mteja wako akidai cheti, muulize anadai kipi.

Faida kubwa ya kuwa na vihisi ndani ni kupima mara nyingi zaidi. Mahali ambapo hakuna utaratibu mwingine, ugezi hurudiwa baada ya miezi 12 au mikazo 5000, lolote litakalotangulia, na spana ya magurudumu katika karakana yenye malori mengi inaweza kuimaliza mikazo hiyo mapema. Ukipima, andika kwanza jinsi ulivyoikuta kabla ya kugusa skrubu ya kurekebishia. Mafundi wengi hurekebisha kwanza na kuandika namba nzuri baadaye, hivyo hakuna anayejua kama magurudumu yaliyofungwa mwezi uliotangulia yalikazwa pungufu. Iwapo spana imekutwa nje ya ±4%, namba hiyo ndiyo itakayokuambia malori gani yaitwe yarudi.

Kuhusu mashine ya upepo inayogonga, usiifunge kwenye kihisi hicho. Vihisi hivyo husimama tuli na vimetengenezwa kwa nguvu inayopanda taratibu, ilhali mashine hiyo hutoa mapigo mafupi mno, na namba utakayoisoma itategemea soketi na ugumu wa kiungo (boliti na vipande inavyovibana) kuliko mashine yenyewe. Mashine za kukaza zisizogonga hupimwa kwa kihisi kinachozunguka pamoja na kiungo cha majaribio, kimoja kigumu kinachokaza ndani ya digrii 30 hivi na kingine laini kinachohitaji mizunguko kama miwili. Kwenu, mashine iishie kuisogeza nati hadi ikae, ikiwa imewekwa chini kabisa ya torki iliyoagizwa, kisha spana kubwa iliyopimwa imalizie. Na nyuzi za boliti ziwe safi: karibu 90% ya torki huliwa na msuguano, na hilo hakuna kihisi cha mezani kitakachokuonyesha.